Ati mita yangu ni ya kupimia uji! Yule wa ngazi za Luthuli amenivunjia heshima leo

Kijana_Redio:
Wanakijiji, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mkono unatetemeka kiasi kwamba siwezi kushika pasi ya kulehemu. Ati mita yangu ya kupimia umeme ni ya kupimia uji. Uji! Mbele ya watu!

Mnamjua. Sina haja ya kutaja jina. Yule muuza vipuri vya elektroniki wa Luthuli, Nairobi, wa kupanda ngazi zenye giza, mwenye penseli sikioni ambayo haijaandika risiti hata moja tangu nchi hii ipate uhuru. Kama hajawahi kukukosea, basi wewe hujawahi kununua hata kapasita mjini.

Jumamosi nilimpelekea shilingi 1,800, jasho langu. Akanipa pakiti ya pawasaplai (kigeuza stima kuwa volti ndogo) ya kujiundia, ile ya pande mbili: volti 15 chanya na volti 15 hasi, ya kulisha priampu, yaani kikuza sauti cha mwanzo. Regyuleta, yaani kidhibiti volti, LM317 upande wa chanya, LM337 upande wa hasi, bodi, dayodi, kapasita, na transfoma ya 15-0-15. Nikaiunda kwa utulivu, usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, mke wangu akilala na mimi nikipuliza moshi wa risasi ya kulehemu nje ya dirisha. Sikukimbilia ukutani. Niliiwasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, kama tulivyofundishwa humu humu. Balbu ikamulika mara moja, ikafifia. Nikajua hakuna shoti. Nikaweka mita upande wa chanya: 15.4. Sawa kabisa. Nikahamia upande wa hasi.

20.4.

Ishirini nukta nne, jamani, mahali palipoandikwa 15! Chipu ya TL072 ya priampu yangu mwisho wake ni volti 18 kila upande. Ningechomeka bila kupima ningeikaanga kama mandazi.

Nikakagua. Najua miguu ya 337 si kama ya 317: kwa 317 mguu wa kati unatoa, kwa 337 mguu wa kati ndio unaoingiza. Iko sawa. Bati la mgongoni hufuata mguu wa kati, kwa hiyo nimezipa kila moja bati lake la kupozea, hazigusani. Nikabadilisha na 337 nyingine. 20.4 ile ile.

Leo nikaomba ruhusa kazini, nikapanda mathree mbili, nikampelekea bodi na mita yangu. Sikumtukana. Nikamwambia, "Mzee, upande wa hasi unatoa ishirini, naomba tupime pamoja." Hata bodi hakuiangalia. Alichukua MITA. Akaishika kwa waya yake nyekundu, ikaning'inia kama panya aliyeshikwa mkia, akawageukia wateja, akasema, "Muone hii. Hii ni ya kupimia uji." Duka likalipuka kwa kicheko. Alicheka mama aliyekuja kununua waya ya antena. Alicheka kijana wa mkokoteni ambaye hata dukani hakuwa, alikuwa kwenye ngazi! Nadhani walicheka mpaka Nyamakima.

Kisha akaniambia, "Betri imeisha hiyo, kijana, peleka nyumbani." Betri nimeweka mpya wiki jana! Na nimeilinganisha na mita mbili za jirani, zote tatu zinasema 20.4.

Mita ile niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Imenitengenezea redio za mtaa mzima. Halafu inashikwa kama panya na kuitwa ya uji. Ya uji!

KayoleBezi:
😂😂😂 Buda, pole, lakini hiyo ya panya imenimaliza. Uji wa wimbi unasoma volti ngapi?

Dada_Risasi:
Kayole, acha. Mimi huyo mtu namjua vizuri. Mwaka jana aliniuzia kapasita kubwa za mikrofaradi 10,000, nikashangaa mbona nyepesi. Nikapasua moja. Ndani kuna kapasita ndogo imevalishwa ganda la kubwa kama mtoto aliyevaa koti la babake. Nilipomrudishia aliniuliza kama nimeolewa. Sasa nani amekosewa zaidi, mimi au wewe na uji?

Kijana_Redio:
Dada, pole sana, ni mtu mbaya. Lakini wewe hakukuita ya uji mbele ya watu. Mimi alinigeuzia wateja. ALIWAGEUKIA, dada.

MwanaPwani:
Ndugu yangu, mbona hasira zote hizi kwa neno uji? Huku kwetu uji ni futari, ni heshima. Umebadilisha 337 wewe mwenyewe, ikakataa, sasa unalia kwa muuza duka. Yawezekana umechomelea vibaya. Weka picha ya bodi kwanza, yakhe.

Kijana_Redio:
Sijachomelea vibaya! Kila kiungo kinang'aa. Picha nitaweka nikipoa. Sasa hivi nikifumba macho naona tu mita yangu ikining'inia.

Mzee_Vali:
Mwanangu Kijana, poa kidogo unijibu mambo mawili. Kwanza, volti zinazoingia kwenye 337 ni ngapi, pale kwenye kapasita kubwa kabla ya regyuleta? Pili, nisomee rangi za rezista inayotoka mguu wa kutoa kwenda mguu wa kurekebisha. Usiniambie ilivyoandikwa kwenye pakiti. Nisomee rangi, ukiwa na taa nzuri.

KayoleBezi:
Mzee ameingia, sasa tutaanza hesabu. Mimi nilikuja kucheka.

Kijana_Redio:
Mzee, heshima zako. Zinazoingia ni 22. Za rezista, pakiti ilikuwa na kikaratasi: "240, mbili", yaani mbili za omu 240. Nikaziweka zote mbili. Ngoja nitoe tochi.

Mzee_Vali:
22 ni sawa kwa transfoma hiyo. Nyingi zimeandikwa 220 na stima yetu ni 240, kwa hiyo 15 inakuwa 16.4 hata kabla hujalaumu mtu. Zidisha kwa 1.41, toa 0.7 ya dayodi moja, unafika karibu 22. Kapasita zako kama ni za volti 25 ziko ukingoni, siku moja weka za 35.

Sasa regyuleta. R1 ni hiyo rezista niliyokuuliza, R2 ni ile ya kutoka mguu wa kurekebisha kwenda grauni. Gawanya R2 kwa R1, jumlisha moja, kisha zidisha kwa 1.25: hiyo ndiyo volti ya kutoka. R2 yako lazima ni omu 2,700, ndiyo huwekwa kwenye hizi bodi. R1 ikiwa 240 unapata 15.3 na kidogo, ndiyo 15.4 yako ya chanya. R1 ikiwa 120, regyuleta inatafuta 29. Haina 29. Kwa hiyo inafunguka yote na kukupa karibu kila inachopewa, ikibaki na volti moja na nusu hivi. 22 toa hiyo ni nini?

Dada_Risasi:
20 na kitu. Mzee, wewe ungekuwa na duka Luthuli tungepona sisi sote.

Kijana_Redio:
MZEE. Ni za mwili wa buluu, mistari mitano. Ya upande wa chanya: nyekundu, njano, nyeusi, nyeusi, kahawia. Ya upande wa hasi: KAHAWIA, NYEKUNDU, nyeusi, nyeusi, kahawia. Kwenye buluu ile kahawia na nyekundu usiku zinafanana kama mapacha. Nimenyanyua mguu mmoja nikapima: 119.6. Mia moja na ishirini! Ameniwekea 240 moja na 120 moja ndani ya mfuko ulioandikwa 240 mbili!

KayoleBezi:
Na hukuzipima kabla ya kuchomelea? Na ile mita yote? Ama wakati huo ilikuwa inapima uji?

Kijana_Redio:
Mfuko uliandikwa 240 MBILI. Nimelipa ili aliyeandika mbili aweke mbili. Ukinunua mkate umeandikwa gramu 400 unaukata kuupima?

MwanaPwani:
Hapo ana haki. Lakini mimi hupima kila kipande kabla hakijaingia kwenye bodi, hata nikipewa na ndugu yangu wa tumbo moja.

Kijana_Redio:
Sina 240 ndani ya nyumba, lakini nimepata 120 nyingine kwenye redio mbovu. Nimeziunganisha mbili kwa mfululizo, moja imesimama juu ya bodi kama antena, si nzuri kwa macho. Nimewasha kupitia balbu. Hasi: 15.4! Pande zote mbili 15.4! Mita ilisema kweli tangu mwanzo. Ilisema kweli Jumapili usiku, ikasema kweli leo mbele yake, naye akaiinua kwa mkia. Kesho narudi pale. Nataka aiombe msamaha mbele ya watu wale wale, pamoja na yule wa mkokoteni.

Mzee_Vali:
Hongera, mwanangu. Usirudi. Utapoteza nauli na asubuhi nzima kwa rezista isiyozidi shilingi chache.

Kijana_Redio:
Mzee, si rezista. Ni uji.

FundiWaGithurai:
Nimechelewa kuingia, sijasoma yote. Mko kwa transfoma? Maana mimi nina kesi kubwa kuliko hii. Nilipeleka transfoma ya amplifaya ya kanisa kwa yule anayezisuka upya nyaya zake kule Kirinyaga Road, mnamjua, yule wa kibanda cha pembeni. Akachaji bei ya waya ya shaba. Ibada ya kwanza, transfoma ikawa moto hata huwezi kuweka kiganja. Mchungaji anahubiri moto wa jehanamu na mimi naisikia harufu yake.

Dada_Risasi:
Ni alumini hiyo! Huipaka vanishi ya rangi ya shaba ukadanganyika. Kwaruza ncha ya waya kwa wembe, ikiwa nyeupe ndani umeliwa.

KayoleBezi:
Huyo wa Kirinyaga? Huyo alisuka ya wufa ya mathree ya binamu yangu. Ilifika Roysambu tu ikaanza kunuka kama plastiki ya choma. Abiria walishuka wenyewe bila makanga kuwaambia.

FundiWaGithurai:
Na ukimuuliza anasema alumini ni ya kisasa!

Mzee_Vali:
Alumini inasukwa, ila unene wa waya lazima uongezwe, kwa kuwa inazuia umeme zaidi ya shaba. Huyo ameweka unene ule ule. Pia ipime uzito: ikirudi nyepesi kuliko ilivyokwenda, usiibebe, mwachie.

MwanaPwani:
Huku Mombasa tuna mmoja hasuki hata alumini, anabadilisha karatasi ya nje tu na kupiga rangi mpya.

Kijana_Redio:
Wanakijiji, nimeweka picha ya bodi na mita zote tatu juu. Tafadhali angalieni ile inayosoma 15.4.

FundiWaGithurai:
Nzuri. Sasa, Dada, huo wembe unakwaruza ncha ya nje au lazima nifungue mpaka kwenye kiini? Kanisa linataka sauti Jumapili na mchungaji ameanza kuniangalia vibaya.

Dada_Risasi:
Ncha ya nje inatosha, pale inapoingia kwenye bomba la plastiki. Chomoa stima kwanza. Halafu uweke picha, sote tunataka kuona huyo mtu wa Kirinyaga alikupa rangi gani.