λανθάνω: "kujificha", "kusahau" au "bila kujua"?

Penseli_Butu
Wakuu, habari za usiku. Nina miezi minane najifunza Kigiriki cha kale peke yangu. Vitenzi vingi nimeshavizoea, ila kimoja kinanikosesha usingizi: λανθάνω (lanthano). Kamusi inasema "kufichika, kutoonekana". Sawa. Nafika kwa Herodotus, yule mwandishi wa historia, kitabu cha 1, mfalme Croesus anamlilia mwanawe, nakutana na hii:

φονέα τοῦ παιδὸς ἐλάνθανε βόσκων

Nikaandika daftarini: "Alijificha akimlisha muuaji wa mwanawe." Nimeufuta mstari huo mara tatu mpaka karatasi imetoboka. Croesus hakujificha! Adrastus alikuja kwake na damu ya ndugu yake mikononi, Croesus akamtakasa, akamweka nyumbani, akamkabidhi kijana amlinde kwenye mawindo ya nguruwe mwitu. Adrastus akarusha mkuki, ukamkosa nguruwe, ukampata kijana. Sasa hapo nani kamficha nani? Na mbona wafasiri wanaandika "bila kujua" wakati kitenzi cha kujua hakimo?

Mgeni_wa_Attica
Kariri tu ndugu. Ukiona λανθάνω na kitenzi kingine pembeni chenye umbo la "akifanya", tafsiri "bila kujua", songa mbele.

Kibatari
Penseli, usikariri, utakwama mbele. Nimekifundisha kitenzi hiki miaka mingi na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeumia palepale ulipoumia wewe.

Kiini chake si kujificha. Ni kumpita mtu asikutambue. Kiima ni kile kinachopita, yambwa ni yule asiyeona. Sisi jambo hilohilo tunalisema kutoka upande wa pili: "nimepitiwa". Mgiriki anasimama na kilichopita, sisi tunasimama na aliyepitwa.

Soma Odyssey, utenzi wa Homer, kitabu cha 8. Mwimbaji Demodocus anaimba ugomvi wa Odysseus na Achilles, na Odysseus mwenyewe amekaa palepale, hawajamjua ni nani. Anashika joho lake kubwa la zambarau kwa mikono yake minene, analivuta kichwani, anafunika uso. Halafu:

ἄλλους μὲν πάντας ἐλάνθανε δάκρυα λείβων

ἄλλους πάντας, "wengine wote", ndio yambwa. Aliwapita wote akidondosha machozi. Mfalme Alcinous, mwenyeji wake, peke yake, aliyekaa karibu, alimtambua, akasikia anavyougulia kwa uzito. Ninaupenda sana mstari huu, kwa sababu kitenzi kimoja kinakuonyesha ukumbi mzima: anayelia, wasioona, na nafasi inayobaki kwa yule mmoja aliyeona.

Rudi kwa Croesus. Ulijikwaa kwenye φονέα. Huyo muuaji ni yambwa ya βόσκων, ndiye aliyekuwa akilishwa. Yambwa ya ἐλάνθανε haikutajwa, kwa sababu ni Croesus mwenyewe. Mahali pengine Wagiriki huitamka, wakaweka ἑαυτόν, "nafsi yake". Alijipita mwenyewe. Ndipo "bila kujua" inapozaliwa.

Kusahau nako kumetoka humo. Katika kauli ya kati, λανθάνομαι, jambo linakuponyoka wewe mwenyewe. Katika Odyssey hiyohiyo, wale waliokula tunda la loto hawakutaka tena kurudi: νόστου λαθέσθαι, kuisahau safari ya nyumbani.

Penseli_Butu
Mwalimu, nashukuru mno. Kwa hiyo niandike "alijikuta akimlisha muuaji wa mwanawe"?

Kibatari
Umekaribia. Lakini anayejikuta ameshafumbuka macho. ἐλάνθανε ni tendo lililokuwa likiendelea gizani, siku baada ya siku, mlo baada ya mlo. Na "kupitiwa" nako hapa ni kwepesi mno. Mtu hupitiwa akasahau ufunguo. Msiba wa mtoto hauendi na neno hilo.

Ukindu
Samahanini kuingilia, wakubwa zangu. Mbona neno tunalo? *Kumbe.* "Kumbe siku zote zile alikuwa akimlisha muuaji wa mwanawe!" Croesus anayasema hayo msiba umeshatokea, anamlilia Zeus mlinzi wa nyumba.

Jaribuni na Waebrania 13:2, ἔλαθόν τινες ξενίσαντες ἀγγέλους. Biblia yetu ina "wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua". Mimi ningesema: wengine walikaribisha wageni, kumbe ni malaika.

Kibatari
Ukindu, umenifundisha kitu leo, nasema kwa moyo wote. Miaka yote hiyo nahangaika na "pasipo kujua", na "kumbe" iko mdomoni mwangu kutwa. Mstari huohuo mwanzoni una μὴ ἐπιλανθάνεσθε, "msisahau". Shina ni lilelile mara mbili: ukarimu usiwapite, maana kuna waliopitwa na malaika wakiwa mezani pao.

Penseli, angalia tu: "kumbe" haiendi kwa Odysseus. Yeye alijua fika kwamba analia. Pale andika "alidondosha machozi, wengine wote wasimtambue".

Penseli_Butu
Nimeandika zote mbili, safari hii kwa kalamu. Ukurasa unaofuata kuna φθάνω, nayo naiona imekaa vilevile, na kitenzi cha pili pembeni.

Kibatari
Muundo ni uleule. Hiyo ni "kuwahi": kumtangulia mtu katika kutenda jambo. Tafuta kwanza nani amewahiwa, ndipo utafsiri.