Mui Ne, mji wa wavuvi Vietnam: mliofika karibuni tupeane uzoefu

Mtoto wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi nilipelekwa Vietnam na korosho. Korosho ghafi zetu nyingi za Kusini huishia kwenye viwanda vya kule, na safari ile nilikuwa mbeba sampuli tu wa bosi. Kazi ikaisha Alhamisi, ndege ni Jumatatu. Kijana wa mapokezi pale Saigon akaniuliza kama napenda bahari. Nikacheka. Akanielekeza treni ya Phan Thiet, mwendo wa saa nne hivi, kisha kama kilomita 20 kufuata pwani mpaka Mui Ne.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nikawa ufukweni. Boti kubwa zimetia nanga nje, za buluu na nyekundu, zimechorwa macho kwenye omo kama majahazi ya Lamu. Kati ya boti na nchi kavu vinapita vyombo ambavyo sikuwahi kuviona. Wakuu, ni matenga! Tenga la duara la mianzi, kama lile la kubebea kuku, ila kubwa la kukaa watu wawili na samaki wao. Wanayaita thúng. Wenyewe husimulia kwamba Wafaransa walipotoza kodi ya vyombo vya baharini, wavuvi wakasema hiki si chombo, ni kikapu.

Mzee mmoja akaniona nashangaa, akanipa kafi. Tenga halina mbele wala nyuma. Kafi unalichezesha upande unaotaka kwenda, kama unakoroga uji huku unachora namba nane. Mzee alipolishika, tenga lilinyooka kama limefungwa kamba. Nilipolishika mimi, mtoto wa pwani niliyekulia kwenye mtumbwi, nikazunguka kama pia palepale. Akina mama wenye kofia za pembe waliokuwa wanachambua samaki waliacha kazi wakanicheka mpaka wakakaa chini.

Nani mwingine amefika? Lete chako.

Fundi Kalafati

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikwenda na kikundi, wenzangu wakakimbilia vilima vya mchanga, nikabaki na fundi wa matenga. Ufito wa mwanzi unasukwa kama jamvi, kisha unasiliba kinyesi cha ng'ombe kwenye matundu, kikikauka unapaka utomvu wa mti mara kadhaa. Sisi kwetu pamba na sifa (mafuta ya papa), wao mavi ya ng'ombe na utomvu, maji hayaingii kote kuwili. Kinachosikitisha, matenga mengi siku hizi ni ya plastiki. Fundi alinionyesha kwa ishara kwamba la plastiki halimhitaji yeye kila mwaka.

Teacher wa Kilifi

Nilikuwa nafundisha Kiingereza Saigon, Mui Ne nimeenda kama mara tano. Vilima vyekundu viko karibu na mji, vyeupe viko mbali kidogo kule Bau Trang, pembeni mwa ziwa lenye mayungiyungi. Nendeni alfajiri. Saa nne asubuhi mchanga unaunguza nyayo, na pikipiki za magurudumu manne zinapiga kelele hadi kichwa kinauma.

Sasa funzo langu. Noti ya dong 20,000 ni ya buluu, na ya 500,000 nayo ina ubuluu wake. Jioni moja nimenunua maji ya nazi gizani, nikalipa na kuondoka. Nafika chumbani nahesabu, laki tano haipo. Nikarudi mbio. Mama wa nazi alikuwa ameshafunga, amekaa kwenye kiti kidogo, na noti yangu ameikunja mkononi. Ananingoja. Halafu watoto wa kwenye vilima wanaokodisha vipande vya plastiki vya kutelezea ndio walionisafisha mfuko wa nyuma safari iliyofuata. Basi ndiyo hivyo, kote kuna watu na watu.

Bint Mkunazini

Jamani mbona hakuna aliyetaja harufu? Ukikaribia Phan Thiet unapokelewa na nuoc mam. Msifikirie mchuzi wa nazi, hii ni maji ya dagaa. Mafungu matatu ya dagaa kwa fungu moja la chumvi, vinapangwa tabaka kwa tabaka kwenye mapipa makubwa ya mbao au mitungi, vinakaa kama mwaka. Yanayochuruzika mwanzo ndiyo bei. Nilichovya kidole: chumvi kwanza, halafu utamu unakuja nyuma pole pole kama nyama iliyochemka sana. Kwa dagaa tunaowaanika sisi, na mvua ikinyesha tunawatupa, roho iliniuma.

Pale Phan Thiet nikapita na Van Thuy Tu, hekalu la wavuvi la mwaka 1762. Ndani mna mifupa ya nyangumi ya mita 22, imeunganishwa mzima mzima. Nyangumi wanamwita Ông, yaani babu, kwa sababu huokoa wavuvi kwenye dhoruba. Akikutwa amekufa ufukweni anazikwa kwa heshima zote, na aliyemwona wa kwanza anamvalia msiba kama mtoto wake mkubwa.

Mgeni wa Jana

Nyote mnasifia tu. Ufukwe wa pale wanaposhushia samaki una plastiki na maganda ya kombe hadi unatafuta pa kukanyaga. Na huku kwenye hoteli za Ham Tien, bahari imekula mchanga, sehemu nyingine unashuka ngazi ya zege moja kwa moja kwenye wimbi. Mtu asije akaniambia ni Nungwi.

Mtoto wa Mikindani

Mgeni wa Jana, hilo ni kweli, nilikanyaga kombe nikachanika. Ukitaka mchanga safi sogea Hon Rom.

Paje Upepo

Kuogelea msiende Desemba. Novemba mpaka Aprili ni kaskazi yao, ileile yetu, mchana bahari yote ni vishada na mbao za watu wanaoteleza majini wakivutwa na upepo. Kwangu mimi ndiyo raha yenyewe.

Teacher wa Kilifi

@Bint Mkunazini ulibeba chupa ya kurudi nayo?

Bint Mkunazini

Mbili. Nilizifunga kwenye kanga, nikazitia katikati ya nguo. Moja ilifika. Begi nimelianika uani mara sita, mama amekataa lisiingie ndani.