Tupeane uzoefu: nani alikutia udongo mikononi, na maumbo unayatoa wapi?

Fundi wa Katuba, Lubumbashi
Mimi niliingilia mlango wa matofali. Baba mdogo alikuwa akichoma matofali nyuma ya nyumba, udongo ukitoka kwenye kichuguu kama kawaida ya huku: mchwa wanapandisha udongo laini toka chini, wewe unachimba tu. Nilikuwa na miaka 14, kazi yangu kukanyaga matope. Siku moja nikafinyanga kikombe, nikakificha kati ya matofali. Tanuri lilipofunguliwa, mkono wa kikombe ulikuwa umepasuka, lakini nilipokigonga kikalia. Baba mdogo alinigombeza, halafu akakinywea maji. Nikanasa hapo.

Maumbo nilidhani nitayatoa kichwani, kumbe nilikuwa narudia chungu kilekile. Kisha makumbusho ya hapa mjini yakanionyesha vyombo vya Sanga, vilivyofukuliwa makaburini kando ya ziwa Kisale tangu mwaka 1957. Nakshi hazikunishika sana. Kilichonishika ni kwamba watoto walizikwa na vyungu vidogo, vya kimo chao. Yaani miaka zaidi ya 600 iliyopita kuna mfinyanzi aliyekaa chini akafinyanga chungu cha mtoto ambaye hatakula tena. Tangu siku ile sipimi chungu kwa rula. Nauliza: huyu atakayekitumia ana mkono gani, anapikia watu wangapi?

Mama Makoro, Goma
Wenye vichuguu mna raha! Sisi tunakanyaga makoro, yale mawe meusi ya volkano, na mwaka 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilitumwagia mengine mapya hadi katikati ya mji. Udongo nanunua kwa gunia. Ila makoro hayohayo nayatwanga, napepeta, nachanganya kwenye vyungu vya kupikia, navyo havipasuki ovyo motoni. Rangi zangu mbili tu: nyeusi, na ule wekundu wa usiku juu ya Nyiragongo. Jirani anasema vyombo vyangu vinafanana na msiba. Lakini ananunua.

Mjukuu wa Kadutu, Bukavu
Mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja Mtwa, wa jamii inayodharauliwa kwetu. Niseme ukweli wa kwetu: watu walinunua vyungu vyake, ila maji ya kikombe chake hawakunywa. Mama yangu pia. Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Alikunja udongo kama nyoka, akazunguka chungu yeye mwenyewe. Sufuria zilipomharibia soko, akahamia mbabula, majiko ya makaa. Nami nafinyanga mbabula za kuuza, vyungu nikipata nafasi. Mfinyanzi hulia gaeni: nyumbani kwangu hakuna chungu kizima.

Mgeni, Lubumbashi
Vyangu vinalipuka motoni! Na unga wa malakiti utanipa kijani?

Fundi wa Katuba
Ni maji hayo. Kiweke chungu shavuni. Kikiwa baridi, bado hakijakauka. Siku ya kuchoma, kipashe polepole pembeni mwa moto kwanza. Malakiti ni jiwe la shaba: ukiitia kwenye rangi ya kioo, ile inayoyeyuka motoni ikang'aa, tanuri likiwa na hewa, kijani utapata. Hewa ikikosekana inaweza kuwa nyekundu. Jifunge pua unapoitwanga, na usiipake ndani ya chombo cha ndimu au siki.

Mjukuu wa Kadutu
Mama Makoro, udongo wa kwetu ni mwekundu na unanata vizuri. Nikupakilie gunia kwenye boti, utalipokea bandarini? Gunia lirudi na makoro, yaliyotwangwa tafadhali.