Uvimbe kama koliflawa, bayopsi inarudi safi

Wakuu, uvimbe wa mlango wa kizazi unakua polepole, lakini bayopsi 2 (vipande vya tishu vilivyokatwa na kupimwa) zinasema keratini nyingi (protini ngumu ya tabaka la juu), hakuna saratani. Tunakosea wapi?

– Mnakata juujuu. Hiyo inaweza kuwa saratani ya verukasi (yenye umbo kama sundosundo): seli zake zinafanana na za kawaida, na haichomi tishu kwa ncha nyembamba bali huzisukuma kwa vidole vinene, butu. Mpatholojia asipopata kitako cha uvimbe pamoja na stroma (tishu shikizi) iliyo chini yake, haoni kitu. Chukueni kipande cha kina chenye umbo la kabari, kikatwe wima.

– Koilosaiti (seli zilizobadilishwa na virusi vya HPV) zikionekana, fikirieni masundosundo makubwa. Uvimbe ukishaondolewa, pimeni wote: kipande kidogo cha saratani ya skwamasi (seli bapa) ya aina ya kawaida hubadilisha tiba, kwani hiyo huweza kufika kwenye tezi za limfu.

– Asanteni. Tunarudia kwa kina.