Ukoo wa Chumbageni: sambusa za Salim

*Salim:* [picha] Shikamooni wote. Huku Utsunomiya, Japani, ni saa nne usiku, ndiyo kwanza natoka kula. Nimepanga foleni dakika 40 kwa ajili ya hivi.

*Shangazi:* Marahaba baba. Mbona sambusa zimelala? Na huo upande mmoja umeungua.

*Salim:* 😂 Hazijaungua Shangazi. Zinaitwa gyoza. Zinakaangwa chini tu, halafu wanamwaga maji kidogo kikaangoni na kufunika, juu ziive kwa mvuke. Maji yakikauka unazisikia zinaanza kulia chrrr, wanafunua. Zinaletwa zimepinduliwa, uone walivyozikausha.

*Zuhura:* Ndani kuna nini? Usituzungushe.

*Salim:* Kabichi nyingi, kitunguu saumu, tangawizi, majani fulani yananukia kama kitunguu. Na nyama ya 🐷

*Mama:* SALIM

*Salim:* Mama ngoja! Sikula! Nilikwenda na wenzangu wa chuo, hiyo sahani ni ya mwenzangu. Mimi nimekula wali mweupe.

*Mama:* Umepanga foleni dakika 40 kwa wali mweupe.

*Salim:* Nilitaka kuona wanavyofunga. Tena nashukuru wali ulikuwepo. Kuna duka moja hapa, Masashi, pale ni gyoza za kukaanga na za kuchemsha basi. Wali hakuna, bia hakuna.

*Shangazi:* Rudia hapo. Wanauza kitu kimoja?

*Salim:* Kimoja. Na Minmin, hao ndio wakongwe wenye jina kubwa, wapo tangu 1958. Za kukaanga, za kuchemsha na za kuzamisha kwenye mafuta. Sahani ina sita. Unaongeza wali ukitaka, habari imeisha.

*Shangazi:* Zuhura umesoma? 1958.

*Zuhura:* Mama jamani, nilisema tuongeze chipsi tu kwenye sambusa zetu. Wateja wanaulizia.

*Shangazi:* Jana chipsi. Juzi ilikuwa baga.

*Mama:* Samahani nakatiza, nani alinunua LUKU ya kwa Bibi? Namba haijafika.

*Baba Mdogo:* Natuma sasa hivi. Salim, hicho si chakula cha Wachina?

*Salim:* Ndiyo, wao wanasema jiaozi, na zaidi wanazichemsha. Mji huu ulikuwa na makao ya Divisheni ya 14 ya jeshi la Japani. Askari wake walipelekwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na watu wanasema waliorudi ndio walioleta ladha hiyo. Sasa mji mzima ni gyoza. Nje ya stesheni kuna sanamu ya jiwe, mwanamke amejifunika ngozi ya gyoza. Mwaka 2008 wakiihamisha ikawaanguka, ikavunjika vipande viwili. Wakaiunga.

*Zuhura:* Kwa uji wa unga kama manda? 😂😂

*Salim:* 😂 Wana utani wa jadi na mji wa Hamamatsu. Serikali hutoa hesabu kila mwaka, familia za mji gani zimetumia pesa nyingi zaidi kununua gyoza za kupeleka nyumbani. Za kula mgahawani hazihesabiwi. Ilikuwa Utsunomiya na Hamamatsu tu, Simba na Yanga, mara Miyazaki, mji mwingine, akatokea akabeba 2021 na 2022.

*Baba Mdogo:* Coastal 1988 💪

*Mama:* Namba haijafika bado.

*Shangazi:* Acheni mpira. Wanafungaje?

*Salim:* Hapa nilipokula ni kiduka cha mzee mmoja na mkewe, viti vinane. Mama ndiye anafunga. Ngozi ya duara inakaa kiganja cha kushoto, anaweka kijiko cha mboga, kidole chenye maji kinapita ukingoni. Halafu anakunja upande mmoja tu, vikunjo vidogo vidogo, upande wa pili unabaki bapa. Ndiyo maana inajipinda kama mwezi mchanga na inakaa wima yenyewe. Hatazami mikono, anaongea na wateja.

*Shangazi:* Kabichi wanaikamua?

*Salim:* Wanaitia chumvi kwanza, ikitoa maji wanaikamua.

*Shangazi:* Eeh. Wanajua kazi. Usipokamua, manda inalowa inakupasukia. Nimekuwa nikimwambia Zuhura kuhusu vitunguu.

*Zuhura:* Leo ni siku yangu 😩

*Shangazi:* Wanalia na nini? Ndimu?

*Salim:* Siki, sosi ya soya na matone ya mafuta ya pilipili. Kila mtu anajichanganyia.

*Shangazi:* Bila ndimu. Haya.

*Shangazi:* [ujumbe wa sauti, 3:12]

*Zuhura:* Nani amesikiliza atufupishie?

*Baba Mdogo:* Anasema Salim anunue kuku, amsage, atengeneze mwenyewe kwenye sufuria yake mpya. Dakika mbili zilizobaki ni kuhusu chipsi.

*Salim:* Nilishajaribu Jumapili Shangazi. [picha]

*Shangazi:* Hizo umefunga au umezikalia?

*Salim:* 😭

*Shangazi:* Ngozi umeisukuma sawasawa yote. Katikati iache nene kidogo, ukingo ndio uwe mwembamba, maana ukingo ukikunja unakuwa mara mbili. Kama chapati, mkono hauendi hadi katikati. Nirekodie mkono wa kushoto wa huyo mama, ukimwomba kwa adabu. Wa kulia siuhitaji.

*Mama:* Namba imefika, asante.

*Baba Mkubwa:* Asalaam alaykum. Ndiyo nafungua simu. Nani amekula nguruwe?