Solr: sehemu zipi zihifadhiwe ndani ya faharasa? (duka la vipuri, Lubumbashi)

mwana_kamalondo
Yambo wakubwa. Natengeneza utafutaji wa duka la vipuri vya magari hapa Lubumbashi. Vipuri ni kama 40,000, seva ya kukodi ina RAM giga 4, data yenyewe iko PostgreSQL (hifadhidata), na kutafuta kutafanywa na Solr (programu ya utafutaji). Kila kipuri kina namba ya kiwandani, jina, maelezo, modeli za gari, bei, komini (mtaa wa mji) ya muuzaji na simu yake.

Nimekwama hapa: niweke stored (Solr ihifadhi thamani yenyewe) kwa sehemu zote, matokeo yatoke hapo hapo? Au nihifadhi ID tu, mengine niyavute PostgreSQL? Au docValues (thamani zilizopangwa kwa safu, sehemu moja moja) kila mahali, maana Solr inaweza kuzirudisha kama zilizohifadhiwa? Diski si kubwa.

fundi_ruashi
Mdogo wangu, diski isikutishe. Maelezo ya mistari mitatu mara 40,000 ni megabaiti makumi tu, tena Lucene (injini iliyo ndani ya Solr) huyabana kabla ya kuyaandika. Chukua stored. Ukivuta PostgreSQL, kila utafutaji unakuwa safari mbili, na hifadhidata ikilala, duka zima limelala.

mama_faharasa
Niko Kadutu, Bukavu. Hilo la kubana nafasi limeshaniunguza.

Nilikuwa na orodha ya dawa za depo moja. Maelezo nikayaweka indexed="true" stored="false", yaani yatafutike lakini yasihifadhiwe, nikajisifu nimeokoa diski. Kutafuta kukaenda vizuri kabisa. Jumatatu moja nikabadilisha bei kwa sasisho la kipande: ID na bei mpya, basi. Jioni mwenye depo anapiga: "Mama, naandika homa, hakuna kinachotoka."

Kumbe Solr ikipata sasisho la namna hiyo huisoma hati yote (rekodi ya dawa hiyo) kutoka kwenye kilichohifadhiwa, huingiza bei mpya, kisha huiandika hati upya. Maelezo yangu hayakuwa yamehifadhiwa popote, kwa hiyo hati mpya ikazaliwa bila maelezo. Logi kimya, hakuna kosa hata moja. Nilipakia upya usiku kucha, umeme ukikatika mara mbili.

Ukitaka kusasisha vipande, kila sehemu iwe stored au docValues. Zilizojazwa na copyField tu (nakala ya sehemu nyingine) ndizo zinaachwa.

mwana_kamalondo
Pole Mama, na aksanti. Sasa kama docValues inatosha kwa hilo, si niiweke kila mahali?

papa_seva
Haitakubali, kijana. Maelezo yako ni TextField (maandishi yanayokatwa neno kwa neno), na TextField haina docValues. Tena angalia modeli: ukiweka maandishi yenye thamani nyingi, "Noah, Ipsum, Noah", docValues itakurudishia "Ipsum, Noah". Imepanga kivyake na iliyojirudia imeitupa. Mpangilio ukiwa na maana, weka stored.

Fikiria daftari la dukani. Stored ni ukurasa mmoja kwa kila kipuri, na kila kitu chake kiko hapo. docValues ni safu ya bei peke yake, kutoka juu hadi chini. Mteja akitaka kukiona kipuri, unafungua ukurasa. Akisema "nipangie kuanzia cha bei rahisi", unashuka na safu. Ukifanya kazi ya safu kwa kurasa, utafungua 40,000. Komini pia ni ya safu, ili uhesabu: Katuba ngapi, Kampemba ngapi.

Bei ndiyo yenye maneno. Iweke indexed="false" stored="false" docValues="true", iwe namba na thamani moja. Hapo Solr inabadilisha bei mahali pake bila kugusa sehemu nyingine za hati. Na faranga usihifadhi kabisa! Hifadhi dola, faranga uzipige kwa kiwango cha siku wakati wa kuonyesha.

fundi_ruashi
Papa, umejijibu mwenyewe. Akihifadhi dola, bei hazigeuki kila asubuhi, sasa hayo masharti yote ya nini? Aweke indexed na docValues, asonge mbele.

papa_seva
Haya, hapo umenishika. Ila wauzaji wake wakianza kushindana kwa bei, atanikumbuka.

fundi_ruashi
Simu usiifanye namba, kijana: 099 itabaki 99. Iwe string (maandishi yasiyokatwa), stored tu. Nani anatafuta kipuri kwa simu?

Namba ya kiwandani ndiyo itakayokutoa jasho. 90915-YZZE1 (filta ya oili ya Toyota) ukiiweka kama maandishi ya kawaida itakatwa kwenye kistari, vipande viwili. Mteja anaandika 90915YZZE1, anakosa. Weka string iliyo stored, halafu copyField kwenda sehemu ya pili inayofuta vistari na kushusha herufi. Hiyo ya pili iwe indexed tu, kwa kuwa hakuna atakayeitazama.

mama_faharasa
Na usiifute PostgreSQL ukasema Solr inatosha. Siku utakayobadilisha aina ya sehemu moja, utapakia zote upya, na utahitaji mahali pa kupakulia.

mwana_kamalondo
Nimefanya hivi: jina, maelezo, modeli na namba ya kiwandani ni stored; bei ni ya dola, indexed na docValues; komini ni string yenye docValues; simu stored tu. Nimejaribu sasisho la bei kwenye kipuri kimoja kisha nikatafuta "amortisseur" (shokamzoba kwa Kifaransa): bado kipo, na bei ni mpya.

Tatizo lililobaki ni kwamba wateja wa komini ya Kenya wanaandika "amortisere". Hilo nalifungulia uzi wake.