Nawapeleka wazazi Hawaii siku chache: wapi watauona utamaduni wenyewe, si sarakasi za hoteli?

Binti wa Mwalimu

Habari zenu. Baada ya miaka tisa ya ahadi, wazazi wangu wanakuja kunitembelea hapa Oakland, na nimeshakata tiketi twende wote Oahu, kimoja cha visiwa vya Hawaii, Alhamisi mpaka Jumanne. Baba ana miaka 71, mwalimu mstaafu wa historia. Goti lake la kushoto halitaki ngazi, na yeye hataki kushikwa mkono. Mama ana 66, Msabato kwelikweli: Jumamosi ni kanisani tu, nguruwe hali, kamba hali, na akikutana na mtu aliyevaa nusu uchi anageuza uso na kunong'ona.

Ufukweni hawataki. Baba kaniambia kwenye simu, "Bahari naijua. Nataka kujua hao watu ni akina nani." Nimebaki na orodha ya mambo kumi na manne. Luau nyingi (zile karamu za chakula na ngoma) naona zinazidi dola 100 kwa kichwa, na kila mtu anasema usipoenda hujafika Hawaii. Ni kweli? Na Mama si atateseka pale? Naomba anijibu aliyekwenda na wazee. Wa fungate mnisamehe.

Mama Zuu

Mwanangu, hongera. Nilifanya kazi Honolulu miaka sita, na kila mgeni wa kwetu aliyetua alipitia mikononi mwangu. Kata hiyo orodha. Asubuhi jambo moja, mchana wazee walale.

Kwa Baba yako anza na Kasri la Iolani, mjini kabisa. Lilikamilika 1882 chini ya Mfalme Kalakaua, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameizunguka dunia nzima, mfalme wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo. Mlangoni mnavalishwa vifuko vya kitambaa juu ya viatu ili msichubue sakafu ya mbao, kwa hiyo mnatembea taratibu, mnanyata kama wezi. Chini ni fahari tupu: chumba cha enzi, taa, picha za wafalme. Lakini wewe mpeleke juu. Kuna chumba alimofungwa Malkia Liliuokalani, dada yake Kalakaua. Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba kilimpindua, huku askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wametua mjini. Mwaka 1895 wakamfungia humo karibu miezi minane. Akaanza kushona shuka la viraka vya hariri, akatarizi majina na tarehe za mambo yaliyompata. Shuka lenyewe lipo pale, ndani ya kioo. Nimeshapeleka wazee wenye maneno mengi, na mbele ya kile kioo wote walinyamaza.

Ukinunua tiketi waambie habari za goti, kuna lifti.

Mpenda Madafu

Namuunga mkono Mama Zuu, ila kwenye luau nina kidonda changu. Nilimpeleka baba mkwe kwenye luau moja ya hotelini (jina sitaji). Tuliketishwa nyuma ya nguzo, chakula kilikuwa foleni ya dakika arobaini, halafu kijana wa kipaza sauti akamvuta mzee jukwaani akatikise kiuno mbele ya watu mia tatu. Mzee hakunisemesha mpaka kesho yake mchana.

Mwaka uliofuata tulikwenda Polynesian Cultural Center, kituo cha utamaduni wa visiwa vya Pasifiki, kule Laie, kaskazini ya kisiwa, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Waikiki kwenye mahoteli. Pameanza 1963, ni pa kanisa la Wamormoni, kwa hiyo pombe hamna, na wengi wanaokuhudumia ni wanafunzi wa chuo kikuu chao cha jirani. Hapo Mama atapumua. Kuna vijiji vya maonyesho: Hawaii, Samoa, Tonga, Fiji, Tahiti, na Aotearoa (New Zealand) ya Wamaori. Kwenye kijiji cha Samoa kijana anakwea mnazi peku, akishuka anafua nazi kwenye mti uliochongoka (kifuo kabisa!), anaipasua kwa jiwe, kisha anakaa juu ya kitu ambacho mama mkwe alipokiona alipiga kelele: "Mbuzi!" Akakuna, akakamua tui kwa nyuzi za mti badala ya kifumbu. Wazungu walikuwa wanapiga picha, sisi tulikuwa tunasahihisha.

Usinunue ile tiketi ya mpaka usiku. Chukua vijiji tu, muondoke jioni. Jumapili wamefunga, na Jumamosi Mama hatoki, kwa hiyo weka Jumatatu. Viti vya magurudumu wanavyo, Baba mwambie ni vya kubebea mikoba.

JM_77

Mwalimu wa historia usimrudishe bila kumfikisha Pearl Harbor, ile bandari ya kijeshi Wajapani waliyoishambulia 1941. Boti ya kwenda juu ya mabaki ya USS Arizona, meli ya kivita iliyozama siku ile, unaiwekea nafasi mtandaoni mapema. Mabaharia na askari 1,177 walikufa kwenye meli ile moja, na mafuta bado yanapanda juu ya maji tone kwa tone. Mikoba hairuhusiwi kuingia, hata wa Mama.

Mama Zuu

@JM_77 ni kweli, lakini hiyo ni historia ya vita. Mzee kauliza wenyeji ni akina nani. Ikibaki nafasi, sawa.

Binti, Jumapili wapeleke makumbusho ya Bishop Museum. Ukumbi wa Hawaii una ghorofa tatu, mifupa ya nyangumi inaning'inia katikati, na yapo mavazi ya manyoya ya ndege waliyovaa machifu. Benchi zipo.

Kuhusu hula, ile ngoma ya wenyeji, mwondoe Mama hofu. Ule mtikiso wa nyonga wa kasi ni wa Tahiti. Hula ya Hawaii ni mikono inayosimulia, na ile ya kale, kahiko, ni ngoma na maghani, uso mkavu. Chakula: kalua ni nguruwe wa kufukiwa shimoni, hilo atalijua. Atakalodanganyika nalo ni laulau. Linaonekana furushi la majani ya magimbi tu, kumbe ndani kuna nguruwe. Ale poi, ni magimbi yaliyopondwa. Wenyeji husimulia kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, pakaota gimbi. Wa pili ndiye mtu. Kwa hiyo gimbi ni kaka yao mkubwa, na bakuli la poi likishafunuliwa mezani hawagombani.

Na Baba akivishwa shada la maua asilivue mbele ya aliyemvisha. Najua wanaume wetu.

Binti wa Mwalimu

Nimewasomea yote kwenye simu. Ijumaa kasri, Jumapili makumbusho, Jumatatu Laie, luau nimefuta. Baba anataka majina ya waliompindua malkia, mmoja mmoja. Mama kauliza swali moja tu: hayo magimbi wanayatwanga kwenye kinu gani?

Mama Zuu

Si kinu. Ubao mpana chini na jiwe mkononi. Mawe yenyewe yapo Bishop, atayaona Jumapili.